Mtungi Upo, Msimamizi Yuko Wapi?



Tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Blasi, askofu na mfiadini, tunapanga mstari kanisani na padre anatuwekea mishumaa miwili shingoni, akituombea tukingwe na magonjwa ya koo. Siku nane baadaye, tarehe 11, ni sikukuu ya Bikira Maria wa Lurdi. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili aliifanya kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Katika siku hizo huku kwetu Masasi na Newala mvua inanyesha, nyumba zina unyevu, chakula cha mwaka jana kinaelekea kwisha, na wodi za watoto zinajaa. Watoto wanaletwa na malaria, na wengine wengi wanaletwa na kifua. Kwa hiyo ni wakati mwafaka wa kuzungumza juu ya pumzi.

Mtu akisikia kwamba hospitali fulani imeishiwa oksijeni, mara husema: "Tuchange, tununue mtungi." Ni nia njema na Mungu ataibariki. Lakini mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa wodi ya watoto. Kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Mtungi peke yake hauponyi mtu. Wanaoponya ni watu wanaojua kuutumia, wakiwa na mtu mmoja anayewasimamia kila siku na kila zamu. Tukinunua mitungi kumi bila kumtafuta mtu huyo, tutaendelea kuzika watoto huku mitungi imesimama ukutani.

Usiku mmoja wodini

Ilikuwa msimu wa mvua kama huu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alasiri aliletwa mtoto wa kiume wa miezi saba. Mama yake alikuwa amebebwa kwa baiskeli kutoka kijijini, mtoto akiwa mgongoni. Alikuwa na nimonia kali. Mbavu zilikuwa zinabonyea kila anapovuta pumzi na midomo imeanza kugeuka rangi. Tulimpa sindano ya dawa, tukamwekea mirija ya puani, tukafungua oksijeni. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameanza kunyonya tena. Mama yake alitabasamu, nami nikaenda nyumbani nikiwa na furaha.

Saa mbili usiku zamu zilikabidhiana. Anayetoka alisema: "Oksijeni ipo." Anayeingia aliitikia. Hakuna aliyeinama kusoma geji ya mtungi. Saa tisa usiku mapovu katika chupa ya maji yalikoma. Binti wa zamu, ambaye alikuwa peke yake na wodi nzima, aliliona jambo hilo upesi. Mtungi wa pili, uliojaa, ulikuwa umesimama pale pale ukutani. Lakini spana ya kuufungulia ilikuwa ndani ya kabati, kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyekwisha kwenda nyumbani kwake. Mlinzi alipanda baiskeli kuufuata. Aliporudi na ufunguo, mtoto alikuwa amekwisha kututoka.

Asubuhi nilimkuta mama yule amekaa kwenye benchi. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Sista, si mtungi ule pale?"

Barua ya onyo aliandikiwa binti wa zamu. Jina lake nililipeleka mimi. Ilinichukua muda mrefu kukiri kwamba jina lililopaswa kuandikwa kwenye barua ile lilikuwa langu. Nilikuwa na daftari la dawa, daftari la mashuka na daftari la vyandarua. Daftari la oksijeni sikuwa nalo. Kwa miaka yote niliyokuwa msimamizi wa wodi ile, sikuwahi kumwambia muuguzi hata mmoja: "Hebu nionyeshe jinsi unavyobadilisha mtungi." Nilidhani wanajua. Kumbe kusimamia ni kuacha kudhani.

Oksijeni ni dawa

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika kila 100. Kwa mwenye mapafu mazima inatosha kabisa. Mapafu yakijaa usaha na maji kwa sababu ya nimonia, oksijeni haipiti vizuri kuingia katika damu, na mgonjwa anahitaji hewa yenye oksijeni nyingi zaidi wakati dawa ya kuua vijidudu inafanya kazi yake. Dawa hiyo huhitaji siku moja au mbili ili ionyeshe nguvu. Oksijeni ndiyo inayomshikilia mgonjwa katika muda huo.

Shirika la Afya Duniani liliiweka oksijeni katika orodha ya dawa muhimu kwa muda mrefu kama kitu cha chumba cha upasuaji. Mwaka 2017 ndipo lilipoandika wazi kwamba ni dawa ya kumtibu mtu yeyote aliyepungukiwa na oksijeni katika damu. Na kama ilivyo kwa dawa yoyote, ina kipimo chake. Mtoto mchanga huhitaji kiasi cha nusu lita hadi lita 1 kwa dakika, na mtoto mkubwa kidogo lita 1 hadi 2. Kidogo mno hakisaidii, na kingi mno hudhuru. Katika miaka ya 1940 na 1950, huko Marekani na Ulaya, maelfu ya watoto njiti walipofuka kwa sababu walipewa oksijeni nyingi bila kupimwa. Waliowapa walikuwa na mapenzi mema, lakini hakuna aliyekuwa akipima.

Kipimo chenyewe ni kijidude cha kubana kwenye kidole cha mgonjwa, kinachoonyesha namba. Mtu mzima wa afya huonyesha 95 hadi 100. Mtoto mgonjwa akishuka chini ya 90, anahitaji oksijeni. Bila kipimo hicho hata daktari mwenye uzoefu hukosea, maana si kila mtoto aliyepungukiwa hugeuka rangi ya midomo, na wakati wa usiku kwenye taa hafifu nani ataiona rangi hiyo?

Hesabu ya mtungi

Naomba wasomaji wafanye nami hesabu kidogo, maana hesabu hii huokoa watu. Mtungi mkubwa una kiasi cha lita 6,800. Mtoto mmoja akitumia lita 2 kila dakika, mtungi huo utakaa saa 56 hivi, yaani siku mbili na ziada. Wakiwa watoto watatu kwenye mtungi huo huo, kila mmoja akitumia lita 2, utakwisha baada ya saa 19. Ukifunguliwa asubuhi saa mbili, utakwisha usiku wa saa tisa, wakati watu wamechoka kuliko wakati wowote mwingine. Na kama mpira unavuja pale unapounganishwa, utakwisha mapema zaidi na hakuna atakayejua.

Siku hizi zipo pia mashine zinazochuja hewa ya chumbani na kubakiza oksijeni. Ni mashine nzuri sana kwetu, kwa sababu hazingoji gari lije na mitungi kutoka mbali. Lakini zinataka umeme, na umeme ukiruka ruka huziua. Vumbi jekundu la kiangazi letu, ambalo kila mtu wa Newala analijua, huziba kichujio chake kisipooshwa kila wiki. Mashine iliyozibwa huendelea kunguruma kama kawaida, huku oksijeni inayotoka ni kidogo. Asiyeipima atadanganyika kwa mngurumo wake.

Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, hata bibi zetu vijijini walilijua neno oksijeni. Baada ya hapo nchi yetu ilijenga mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali kadhaa za mikoa. Ni hatua kubwa na tunaishukuru. Hata hivyo, oksijeni inayozalishwa mkoani bado inapaswa kusafiri hadi pua ya mtoto aliyelazwa wilayani. Safari hiyo ina dereva, mtunza stoo, fundi, muuguzi na mhudumu wa wodi. Mmoja wao akilala, wote wamelala.

Kazi isiyo na mwenyewe

Huko Marekani kazi ya kumsaidia mgonjwa kupumua ni fani yenye shule na vyeti vyake. Ilianza na wahudumu waliokuwa wakisukuma mitungi wodini, na mwaka 1947 walianzisha chama chao katika mji wa Chicago. Leo katika hospitali zao kubwa kuna kikosi kizima cha kazi hiyo, chenye kiongozi wake anayepanga zamu, anayekagua mashine na kuwapima watu wake kwa vitendo.

Katika wodi zetu za wilayani huwezi kumkuta mtu mwenye cheo hicho. Kazi imegawanyika. Muuguzi anaweka mirija, tabibu anaandika kipimo, mhudumu anasukuma mtungi, fundi anatengeneza mashine ikiharibika, mtunza stoo ana ufunguo. Kila mmoja ana kipande chake na hakuna mwenye kazi yote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Oksijeni bila mwenyewe nayo hupotea hivyo hivyo, na huondoka na mtu.

Sisemi tungoje hadi chuo kifunguliwe. Nasema kila hospitali na kila kituo cha afya kinachotoa oksijeni, kiwe cha serikali au cha Kanisa, kimteue muuguzi mmoja kwa jina awe msimamizi wa oksijeni, apewe muda wa kazi hiyo katika zamu zake, na awe na haki ya kumwita fundi, dereva na mtunza stoo, nao wamwitikie. Si lazima awe na shahada. Awe mwangalifu, mwenye subira, na asiyeona haya kuuliza.

Uwanda huu wetu unajua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1935 daktari Leader Stirling kutoka Uingereza alianza kazi Lulindi, katika hospitali ya udongo na nyasi. Baadaye akawa Mkatoliki, akahamia Mnero, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa nchi yetu kuanzia 1975 hadi 1980. Ndanda nako, chini ya ukingo wa uwanda, Sista Thekla Stinnesbeck, daktari Mbenediktini, alianza kuhudumia wagonjwa katika miaka ya 1920. Hawakuwa na mashine tulizo nazo leo. Kazi yao isingefika popote bila vijana wa huku huku waliofundishwa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kukesha na wagonjwa, wakiangaliwa hadi mikono yao ikazoea.

Semina ya siku moja haitoshi

Hapa pana mazoea ambayo naomba tuyaache. Tatizo likitokea tunaitisha semina. Watu wanakaa, wanakunywa soda, wanapewa cheti, wanarudi wodini, na mambo yanabaki yalivyokuwa.

Mwaka 2009 nchi yetu ilianza mpango wa kuwafundisha wakunga na wauguzi kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua baada ya kuzaliwa. Walijifunza kumkausha, kumsisimua, na akiwa bado hapumui kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ambayo waliiita dakika ya dhahabu. Mpango ulianza katika hospitali nane, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu. Ni habari ya kumshukuru Mungu.

Lakini sikilizeni habari ya Haydom, hospitali ya ndugu zetu Walutheri mkoani Manyara. Huko watafiti waliangalia kwa makini baada ya mafunzo ya siku moja. Waligundua kwamba wakunga walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mafunzo, lakini katika chumba cha kuzalia, mbele ya mtoto wa kweli, utendaji haukubadilika. Ndipo wakabadili njia. Waliweka mwanasesere pale pale kwenye chumba cha kuzalia, na wakunga wakafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, na mazoezi marefu kidogo kila mwezi, chini ya wenzao walioteuliwa kuyasimamia. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 hadi 7 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Watu walikuwa wale wale na hospitali ile ile. Kilichoongezeka ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara na mtu wa kuyasimamia.

Habari nyingine inatoka mbali, Papua New Guinea, nchi yenye milima na barabara mbaya kuliko zetu. Hospitali tano zilipewa mashine za oksijeni na vipimo vya kidoleni, pamoja na mafunzo na mafundi wa kuzitunza. Katika taarifa ya mwaka 2008 iliyohusu watoto zaidi ya 11,000 wenye nimonia, vifo vilishuka kutoka karibu 5 hadi karibu 3 katika kila watoto 100. Angalieni kwamba walipewa mashine, vipimo, mafunzo na mafundi kwa pamoja. Sisi tumezoea kuleta mashine tu na kupiga picha ya makabidhiano.

Kusimamia si kukemea

Baada ya usiku ule nilibadili mambo matano. Nayaandika hapa kwa sababu hayahitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, spana ilifungwa kwa mnyororo kwenye ukuta, kando ya mitungi. Hakuna ufunguo tena.

Pili, makabidhiano ya zamu hufanyika mbele ya mtungi. Anayetoka na anayeingia husoma geji pamoja, huandika namba, na huandika mtungi utakwisha saa ngapi kwa hesabu niliyoeleza. Neno "ipo" lilipigwa marufuku.

Tatu, kila mtoto mwenye oksijeni hupimwa kidoleni kila baada ya saa chache, na namba huandikwa kwenye karatasi yake. Aliyepona huondolewa ili mwenzake apate. Hii peke yake ilituokolea oksijeni nyingi.

Nne, kila Jumatatu, kabla ya kuzunguka wodi, kila aliye kazini hubadilisha mtungi nikimwangalia. Ni kazi ya dakika mbili. Mhudumu wa usafi naye hufanya, kwa sababu usiku anaweza kuwa ndiye mtu wa pili pekee.

Tano, jambo likiharibika, tunakaa na kuuliza "kimetokea nini" kabla ya kuuliza "nani kafanya". Mfanyakazi anayeogopa barua ya onyo ataficha mtungi mtupu. Mfanyakazi anayejua atasikilizwa atakuja mbio kukuambia kwamba unavuja.

Yule binti niliyempelekea barua nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa oksijeni wa kwanza wodini kwetu. Sikuwahi kumpata aliye bora kuliko yeye.

Wapo wanaosema vingine

Wapo wenzangu wataniambia: "Dada, wodi ina muuguzi mmoja na wagonjwa 40. Mishahara ni midogo. Utamsimamia nani?" Wanasema kweli, nami sitabishana nao. Upungufu wa watumishi katika wilaya zetu ni jeraha, na wenye mamlaka wanapaswa kuambiwa bila kuchoka. Kuwapa wachache waliopo mzigo mwingine bila kuwapunguzia mwingine si haki.

Lakini usimamizi ninaousema huwapunguzia hao wachache kazi. Muuguzi aliye peke yake usiku ndiye anayehitaji zaidi kukuta spana mahali pake na namba imeandikwa. Mpangilio mbaya humwonea aliye peke yake kuliko mwingine yeyote. Na anapokosea, ni vigumu kwa haki kumlaumu kabla hatujajilaumu sisi tuliompangia.

Wengine watasema mashine zije kwanza, usimamizi utafuata. Mimi nimeona mashine zikija kwanza. Nimeziona pia kwenye stoo, zimefunikwa shuka, kwa kukosa kichujio tu.

Sehemu yetu sisi familia

Wazazi wapendwa, yapo yanayotuhusu sisi tulio nje ya wodi.

Imani kwamba oksijeni inaua tuiache. Nimewaona mama na bibi wakimvua mtoto mirija wakisema, "Akishatiwa mpira huyo ni wa kufa." Ni kweli kwamba zamani mpira uliwekwa dakika za mwisho, na watu wakaona aliyewekewa hafiki asubuhi. Sababu ilikuwa kuchelewa. Mbona jambo hili tunalijua katika imani yetu? Mpako wa Wagonjwa nao tuliuita mpako wa mwisho, na familia zikaogopa kumwita padre hadi mgonjwa amepoteza fahamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha kwamba ni sakramenti ya wagonjwa, isingoje pumzi ya mwisho. Oksijeni ni hivyo hivyo. Itolewe mapema, na aliyepewa mapema mara nyingi huivua akarudi nyumbani.

Na hapa naomba makatekista na mapadre wetu wanisamehe. Mishumaa, viberiti, vibatari na sigara visisogezwe karibu na mgonjwa mwenye oksijeni. Oksijeni huufanya moto uwake kwa nguvu ya kutisha. Sala iwe ndefu, lakini mshumaa ubaki nje.

Tumlete mtoto mapema. Akikohoa, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea bila kuamka vizuri, usingoje kupambazuke.

Tumkinge kabla. Chanjo ya nimonia imekuwa ikitolewa nchini mwetu tangu mwaka 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Usimruke hata mara moja. Jiko la kuni liwe mahali penye hewa, na mtoto asilazwe kando ya moshi. Na sisi wakulima wa korosho, kuanzia Juni tunapopuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, tusiwachukue watoto shambani. Ile poda huchoma macho na kifua, na mwenye pumu inaweza kumbana vibaya. Mpulizaji afunge pua na mdomo, na aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Na mwisho, tuulize maswali yaliyo sahihi. Zahanati na vituo vya afya vina kamati zenye wawakilishi wetu wananchi, na hospitali zina bodi. Jumuiya ndogondogo na WAWATA wanapotembelea wagonjwa mwezi huu na sabuni zao na sukari, wamwulize mganga mkuu kwa heshima: Ni nani msimamizi wa oksijeni hapa? Kipimo cha kidoleni kipo na kinafanya kazi? Umeme ukikatika mnafanyaje? Na parokia inayotaka kuchangia isiulize tu bei ya mashine. Iulize pia bei ya vichujio vya akiba, ya kifaa cha kuilinda na umeme unaoruka, na nauli ya fundi kuja kuikagua.

Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba mtu alikuwa udongo tu hadi Muumba alipompa pumzi. Pumzi basi ni amana, na amana hukabidhiwa kwa mtu anayejulikana jina lake. Yule mama wa kwenye benchi sikumwona tena, na swali lake sikuwa na jibu lake siku ile. Kila hospitali ya uwanda huu itakayomteua msimamizi wake itakuwa imemjibu, japo kwa kuchelewa.